Kengele Mwisho wa Mnyororo: Mwongozo wa Kuunda Mashine ya Kujifunzia Fizikia

Anza na kengele. Tafuta kengele ya baiskeli, ile yenye kiwiko cha kusukumwa kwa kidole gumba, uifunge kwa waya kwenye mguu wa meza ya darasani. Kazi ya mashine nzima ni kuiliza kengele hiyo mara moja. Vitu vingine vyote, yaani gololi, vipande vya mbao, nyuzi, makopo na chupa, vitapangwa kwa kurudi nyuma kutoka hapo, mpaka ufike mahali ambapo mwanafunzi mmoja anagusa kitu kimoja kwa kidole, kisha anakunja mikono na kutazama.

Wanafunzi hawataupenda mpango huu. Wakiachiwa vifaa wataanzia mwanzo, kwa sababu mwanzo ndio wenye raha: watasimamisha kete za dhumna mita nzima, waziangushe, wapige kelele, wazisimamishe tena. Waachie kipindi kimoja wacheze hivyo. Halafu waulize kama kete ya mwisho inapoanguka ina nguvu ya kuliza kengele. Wajaribu. Wataona haiwezi, na watataka kujua kwa nini, kabla wewe hujaandika neno lolote ubaoni.

Mashine za jinsi hii zimebeba jina la Rube Goldberg, mchoraji katuni wa Marekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1883. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akafanya kazi kwa muda mfupi katika idara ya maji ya mji wake, kisha akaacha akaenda kuchora magazetini. Katuni yake moja ya mwaka 1931 inaonyesha mtu anayekunywa supu huku mtambo uliofungwa kichwani ukimfuta mdomo: kijiko kinavuta uzi, uzi unarusha biskuti, kasuku anairukia, ndoo inajaa mbegu, kiwashio cha sigara kinawaka, roketi inapaa na mundu unakata kamba ya kitambaa. Goldberg alikuwa akiwacheka wanaotumia mtambo mkubwa kwa kazi ndogo. Waliozigeuza katuni zake kuwa mashindano ya kuunda mashine za kweli ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1987 wasanii wawili wa Uswisi, Peter Fischli na David Weiss, walitoa filamu ya kama nusu saa yenye kitu kimoja tu: mnyororo wa matairi, ngazi, ndoo, povu na moto, kila kimoja kikikiamsha kinachofuata. Ukiipata, waonyeshe wanafunzi dakika tano tu. Ikizidi hapo wataanza kuiga moto.

Kila kiungo ni mtego

Anayeitazama mashine hii kwa mara ya kwanza hudhani kwamba msukumo wa kidole ndio unaosafiri kutoka mwanzo hadi kwenye kengele. Dhana hiyo ndiyo ya kuivunja kwanza, kwa maana ukiiacha, wanafunzi watatumia wiki nzima wakisukuma kitu cha kwanza kwa nguvu zaidi na zaidi. Msukumo wa kidole hufa mapema sana, ukiliwa na msuguano, sauti na joto. Mtego wa ndege unaeleza vizuri zaidi. Ufito umepindwa na kushikizwa kwa kijiti kidogo. Ndege anapodonoa punje, kijiti kinachomoka na ufito unaruka. Nguvu iliyorusha ufito haikutoka kwa ndege. Ilikuwemo tangu mtegaji alipoupinda.

Liweke jambo hili katika tarakimu. Gololi ya kawaida ya kioo ina tungamo la kama gramu 5. Ikiteremka kutoka urefu wa sentimita 20, nishati inayotoka ni 0.005 × 10 × 0.2, yaani jouli 0.01. Chupa ya maji ya nusu lita iliyoning'inizwa sentimita 80 juu ya sakafu imetunza 0.5 × 10 × 0.8, yaani jouli 4. Chupa ina nishati mara 400 ya ile ya gololi. Kwa hiyo gololi haitakiwi kuliza kengele. Inatakiwa kufyatua kitu kinachofyatua kitu kinachoiachia chupa. Waulize wanafunzi nani aliitia chupa hizo jouli 4. Yupo atakayesema ni mvutano wa dunia. Mwambie ainue chupa yeye mwenyewe kutoka sakafuni hadi kwenye msumari, polepole, kisha umuulize tena.

Wakilielewa hilo, watauona mnyororo wote kwa jicho jingine. Kwa kila kiungo watajiuliza maswali mawili tu: nishati yake imetunzwa wapi, na kinachoizuia isitoke ni nini.

Kupima kani ya kengele kwa maji

Shule nyingi hazina mizani ya springi ya kutosha kila kikundi. Si kitu. Nunua kwenye duka la dawa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, maana mililita moja ya maji ina tungamo la gramu moja, na hapo umepata seti kamili ya mawe ya mizani.

Funga uzi kwenye kiwiko cha kengele, uupitishe juu ya kigurudumu kitupu cha uzi wa cherehani kilichochomekwa msumari, na kwenye ncha ya uzi uning'inize chupa tupu. Mimina maji kidogo kidogo hadi kiwiko kianze kusogea. Tuseme kimesogea kwenye mililita 200: hizo ni gramu 200, karibu niutoni 2, ukiongeza uzito mdogo wa chupa yenyewe. Wanafunzi wamepima kani kwa maji na uzi.

Watagundua pia jambo ambalo hukuwaambia. Kiwiko kikivutwa polepole, kengele inakoroma tu. Ili ilie, kinatakiwa kivutwe kwa ghafla. Kwa hiyo uzi uachwe ukilegea, chupa ianguke kama sentimita 10 ndipo uzi ukaze, na wakati huo chupa tayari ina mwendo. Tofauti ya kusukuma na kugonga, ambayo kitabu huieleza kwa mlingano wa badiliko la momenta, hapa inasikika kwa masikio. Baada ya hapo wajaze maji mara mbili ya kiasi walichopima. Fundi yeyote huacha akiba, na darasa la fizikia lijifunze kufanya hivyo mapema.

Pini inayogoma

Sasa chupa inaning'inia na inatakiwa izuiwe. Njia rahisi ni kitanzi cha uzi kilichopitishwa kwenye kijiti cha mshikaki, na kijiti kikiwa kimelala kwenye matundu mawili ya boksi gumu. Ukichomoa kijiti, kitanzi kinaachia na chupa inaanguka.

Kwenye karatasi hakuna shida. Mezani kijiti kinagoma. Chupa yenye niutoni 4 hadi 5 inakikandamiza, na msuguano kati ya uzi na mti unaweza kufika theluthi ya kani hiyo, yaani niutoni moja na nusu, kabla hujahesabu msuguano wa kijiti na boksi. Gololi yenyewe ina uzito wa niutoni 0.05. Imezidiwa mara thelathini. Vikundi vingi hukwama hapa, na hapa ndipo mwalimu anayependa kusaidia anapoharibu somo. Usiwape jibu. Waache wavute kijiti kwa uzi wenye kopo, waongeze mchanga kwenye kopo, wapime kinachohitajika. Atatokea mmoja wa kupaka kijiti mshumaa, apime tena, na kiasi kitashuka. Mwingine atasogeza matundu ya boksi yakaribiane ili kijiti kisipinde. Wa tatu atauliza: mbona tusiweke mtego mwingine katikati?

Huyo wa tatu amefika. Kopo la gramu 200 likianguka kutoka ukingo wa benchi litavuta kijiti kwa niutoni 2, na kwa pini iliyopakwa mshumaa zinatosha kabisa. Kopo limekaa ukingoni, na kulisukuma lianguke kunahitaji kani ndogo kuliko kuchomoa pini. Kila hatua ya kurudi nyuma inapunguza kani inayohitajika, mpaka unafika kwenye kitu ambacho gololi inakimudu.

Vipande vitano vya mbao

Kitu gani kitalisukuma kopo? Hapa ndipo kete za dhumna zinaporudi, ila si zile ambazo wazee wa barazani hawatakuazima hata ukiwaapia. Nenda kwa seremala umwombe mabaki ya mbao, akukatie vipande vitano vya umbo moja, kila kimoja kikizidi kilichotangulia mara moja na nusu kwa kila upande. Cha kwanza kiwe na kimo cha sentimita 4, upana 2 na unene milimita 8. Vinavyofuata viwe na kimo cha sentimita 6, 9, 13.5 na 20. Cha mwisho kitakuwa na unene wa sentimita 4.

Kipimo hicho cha mara moja na nusu hakikuokotwa tu. Mwaka 1983 mwanafizikia wa Canada, Lorne Whitehead, alieleza kwamba kete inaweza kuangusha nyingine inayoizidi kwa kiasi hicho, na akaonyesha kwa mfululizo wa kete 13. Sababu yake wanafunzi wanaweza kuikokotoa wenyewe. Kipande kikikua mara 1.5 kila upande, tungamo lake linakua mara 1.5 × 1.5 × 1.5. Kitovu chake cha uzito nacho kinapanda mara 1.5. Kwa hiyo nishati iliyotunzwa katika kusimama kwake inakua mara 1.5 kwa kipeo cha nne, yaani mara 5 na kidogo. Kutoka kipande cha kwanza hadi cha tano ni hatua nne, na ongezeko lote linazidi mara 600. Pumzi ya mdomo inaangusha cha kwanza. Cha tano kinapiga kishindo cha kumfanya mwalimu wa darasa la jirani achungulie dirishani.

Kwa nini kipande kinasimama na kwa nini kinaanguka? Chora mstatili ubaoni, weka alama kwenye kitovu chake cha uzito, kisha uuinamishe. Unabaki salama mpaka kitovu kipite juu ya ukingo wa chini. Kwa kipande ambacho kimo chake ni mara tano ya unene, pembe hiyo ni nyuzi 11 tu. Wapime kwa protrakta. Halafu waulize ipi ni rahisi kuangusha: mbao nyembamba ndefu, au fupi nene? Kila mtu anajua jibu kwa mikono yake. Sasa analijua kwa pembe. Nafasi kati ya vipande ianze na theluthi ya kimo cha kile kidogo, kisha waisogeze kwa majaribio. Kikisimama karibu mno kinasukuma bila mwendo. Kikisimama mbali mno kinagonga chini, mahali ambapo hakuna faida.

Ushauri mmoja wa kazi: wakati wa kupanga, acha kipande kimoja kimelala mpaka dakika ya mwisho. Kiwiko cha shati la mtu mmoja kinatosha kuangusha kazi ya saa nzima, na pengo hilo ndilo litakalookoa nusu ya pili.

Gololi inaruka wapi?

Tumebaki na mwanzo. Juu ya meza weka mteremko wa bomba la plastiki lililopasuliwa katikati kwa urefu, au wa boksi lililokunjwa. Mwanzo wake uwe sentimita 20 juu ya meza, na sehemu ya mwisho ilale sawa na meza hadi ukingoni. Gololi itateremka, iruke ukingo, ianguke ndani ya kikombe kilichoko sakafuni. Kabla ya kuweka kikombe, wanafunzi wabashiri mahali pa kukiweka.

Kama meza ina kimo cha sentimita 80, kuanguka kunachukua sekunde 0.4, iwe gololi inakwenda kasi au polepole. Hilo peke yake litazua ubishi, na ubishi huo ni mzuri. Kasi ya kuondoka, kwa mlingano walioufundishwa wa nishati kugeuka mwendo, ni mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo gololi ianguke sentimita 80 kutoka chini ya ukingo. Waweke kikombe hapo. Gololi itaanguka kabla ya kukifikia.

Tandaza karatasi, nyunyiza majivu au unga juu yake, uachie gololi mara nyingi. Alama zitakusanyika kwenye sentimita 65 hivi, pengine pungufu. Sehemu kubwa ya upungufu huu haitokani na msuguano. Gololi haitelezi bali inabingirika, na kuzunguka kwenyewe kunakula nishati: kwa tufe lililojaa linalobingirika juu ya ubapa, sehemu mbili kati ya saba za nishati ya mwendo zimo katika mzunguko. Ukiziondoa, kasi inashuka hadi mita 1.7 kwa sekunde na umbali unakuwa sentimita 68. Kilichobaki ndicho cha msuguano na cha mfereji wenyewe. Mwanafunzi aliyekokotoa 80, akapata 65, kisha akaelezwa zilikokwenda 12 kati ya hizo 15, hatasahau kwamba mlingano una masharti yake.

Zitazame pia alama zilivyotawanyika. Hazitaangukia nukta moja. Kipimo cha mtawanyiko huo ndicho kinachoamua upana wa kikombe, wala si kikombe kilichopatikana jikoni.

Kikombe hicho kimegundishwa kwenye ncha ya rula ya sentimita 30 iliyoegemezwa katikati juu ya penseli. Ncha ya pili ina kizibo cha chupa chenye maji kidogo, kiasi cha kuifanya iwe nzito kuliko upande wa kikombe kwa gramu 2 au 3. Gololi ya gramu 5 ikiingia, wenzo unageuka. Upande unaoshuka unavuta uzi unaopanda hadi juu ya benchi, unapita kwenye msumari laini na kukivuta kile kipande kidogo cha mbao kwa kichwa. Mnyororo umekamilika: gololi, wenzo, mbao tano, kopo, pini, chupa, kengele.

Kabla ya kuendelea, wape zoezi la kuhamisha egemeo. Liweke sentimita 10 kutoka ncha moja, weka gramu 50 kwenye ncha hiyo fupi, waulize gramu ngapi zinahitajika kwenye ncha ndefu. Kanuni ya wenzo waliyoanza nayo shule ya msingi inasema 25. Bomba la sindano litasema kama 19. Rula nayo ina uzito, kitovu chake kiko upande wa mkono mrefu, na kama ina gramu 25 inasaidia kazi hiyo kimyakimya. Swali hili huwashinda hata wanafunzi wanaopata alama za juu, kwa sababu katika mitihani rula huwa haina uzito.

Chupa inayovuja, kwa wenye subira

Kikundi kitakachomaliza mapema kipewe kazi ya kuchelewesha. Toboa chupa ya plastiki iliyonyooka kwa msumari karibu na kitako, uijaze maji, na maji yatakayovuja yajaze kikombe kilichoning'inia kwenye wenzo. Kikombe kikizidi uzito fulani, wenzo unafyatuka. Umepata saa ya maji ndani ya mashine.

Kwanza wafunge kifuniko kwa nguvu: maji yataacha kutoka, ingawa tundu liko wazi. Wafungue kidogo: yanatoka tena. Kanieneo ya hewa imejieleza yenyewe. Kisha wapige mstari kila sentimita ubavuni mwa chupa na kupima muda. Mwanzoni maji yanaruka mbali na kushuka haraka, mwishoni yanadondoka kwa uvivu. Kinadharia, robo tatu za kwanza za kimo cha maji hutoka kwa muda ule ule unaotumiwa na robo ya mwisho peke yake. Wabishe kwanza, halafu wapime.

Umeme nautaja kwa ufupi. Gololi za chuma kutoka kwa fundi baiskeli zikibingirika juu ya vipande viwili vya karatasi ya aluminiamu zinafunga saketi ya betri mbili za tochi na balbu ndogo. Gololi ya kioo haifanyi hivyo, na hilo nalo ni somo. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa. Moto vilevile, na manati yoyote ilengwe ukutani, isielekezwe usawa wa macho. Chupa ya nusu lita ikiangukia kidole cha mguu inauma. Weka beseni lenye matambara chini yake.

Kwa nini haitafanya kazi mara ya kwanza

Andika hesabu hii ubaoni siku ya kuunganisha. Kama kila kiungo kinafanya kazi mara 9 kati ya 10, na viungo viko 7, uwezekano wa mashine nzima kufika kwenye kengele ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara saba: asilimia 48. Viungo vikiwa 10, asilimia 35. Viungo 20, asilimia 12. Darasa linalojivunia mara tisa kati ya kumi limeunda mashine ambayo kwa kawaida hushindwa. Kila kiungo kikifikia mara 99 kati ya 100, viungo 10 vitafaulu kwa asilimia 90.

Ndiyo sababu kiungo kisiunganishwe na jirani yake mpaka kimefaulu peke yake mara kumi mfululizo. Kikishindwa mara ya nane, hesabu inaanza upya. Wanafunzi watalalamika. Shikilia msimamo, kwa kuwa kila kosa likitafutwa chanzo chake, wengi wataona halikuwa bahati mbaya: sakafu imeinama upande mmoja (azima pima maji ya mwashi), feni ilikuwa inapuliza, uzi ulilowa ukarefuka, dawati lilitikiswa na aliyekaa juu yake. Video ya simu yenye mwendo wa polepole hufichua mengi ambayo jicho halikuyaona.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha ubaya wa kupamba. Kila kiungo kinachoongezwa kwa ajili ya mbwembwe kinapunguza uwezekano wa kengele kulia. Viungo saba vilivyopimwa vinafundisha fizikia zaidi ya arobaini vilivyookotwaokotwa.

Darasa la watu sitini

Usiunde mashine moja kwa darasa zima, maana watafanya kazi watano na hamsini na tano watatazama. Ligawe darasa vikundi vya watu sita. Kila kikundi kipewe mita moja ya nafasi na masharti mawili yasiyobadilika: utapokea gololi moja inayoanguka kwenye kikombe upande wa kushoto, na utatoa gololi moja upande wa kulia. Katikati fanyeni mtakavyo, mradi kuwe na mashine rahisi mbili za aina tofauti na sehemu moja ambayo nishati inageuka kutoka aina moja kwenda nyingine. Kwa utaratibu huu kikundi kilichochelewa hakiwazuii wengine, na siku ya mwisho meza zinasogezwa tu zikagusana.

Wabishane kwa Kiswahili, hata kama shuleni kwenu fizikia inafundishwa kwa Kiingereza. Daftari ndilo liandikwe kwa lugha ya mtihani. Ukiwalazimisha kubishana kwa lugha wasiyoimudu, watanyamaza, na aliyenyamaza hapimi kitu.

Daftari lenyewe liwe na safu nne kwa kila kiungo: tulibashiri nini, tulipima nini, tofauti ni kiasi gani, tunadhani imetoka wapi. Alama zitolewe kwa safu hizo, hasa ya nne. Kengele ikilia au isilie, alama zisibadilike. Ukitoa alama kwa mlio wa kengele, watajifunza kukisukuma kiungo kilichokwama kwa kidole wakati hutazami, na hakuna fizikia katika hilo. Majaji wa maonyesho ya wanasayansi chipukizi, kama yale ya Young Scientists Tanzania au Kenya Science and Engineering Fair, huuliza vilevile: mlipima nini, mlijuaje? Kikundi chenye daftari lililojaa hakitababaika.

Siku ya kuonyesha, waalike wazazi au madarasa mengine, lakini watangazie mapema kwamba mtajaribu mara tatu. Kila mnyororo unapokatika, mwanafunzi mwenye kiungo kilichokwama asimame aeleze sababu kabla ya kukitega upya. Baada ya hapo mbao, vikombe na kengele virudishwe kwenye boksi moja pamoja na madaftari. Darasa la mwakani litaweza kukata mbao nyingine. Vipimo vya mwaka huu halitavipata kwingine.